Hakuacha Mtoto

Barua ilikuja na lakiri nyekundu,
bahasha ndefu isiyoenea kwenye trei yangu.
Mawakili wa Edinburgh, Uskochi, wanauliza kwa adabu
kama Alasdair, mwana wa tatu wa Lodi wa Glenarrick,
alifia mjini kwetu mwaka hamsini na nne,
na kama aliacha mtoto wa halali.

Wameambatisha mti wa ukoo.
Niliugeuza mara mbili nikitafuta shina.
Kumbe huota kichwa chini: mfalme juu,
na watu wananing'inia kama popo.

Lodi wa kwanza alipewa mlima
kwa kumshikia mfalme farasi akivuka mto.
Wa nne alinyang'anywa. Wa tano akarudishiwa nusu.
Wa saba alikatwa kichwa, ila jina halikukatwa,
lilimruka mwanawe likamwangukia mpwa
aliyekuwa anavua samaki, hana habari.
Miaka mia nne hawakulivaa jina hao;
jina ndilo lililowavaa,
likiwavua mmoja mmoja kama kanzu zilizochakaa.

Wa mwisho kafa Februari. Hana mke. Mbwa wawili.
Anayengoja ni daktari wa meno, yuko Kanada,
na kati yake na mlima nimesimama mimi,
Sikudhani Mkwinda, karani daraja la pili,
na funguo za stoo.

Stoo ina joto la tanuri. Daftari la vifo
limetafunwa pembeni na mende.
Nikampata: Mzungu, mpima ardhi, miaka thelathini na minane,
malaria, Hospitali ya Ocean Road.
Mke: hakuna. Watoto: hakuna.
Mwandiko mzuri, umelalia kulia
kama mpunga upepo ukipita.

Ilinibaki kugonga muhuri nikanywe chai.

Lakini mimi nimekulia Temeke,
na nyuma ya soko la Stereo yuko fundi redio,
Mzee Mwinshehe, nyusi rangi ya makumbi,
macho ya kijivu ambayo mtaani hayana mwenzake.
Meza yake huifunga usiku kwa mnyororo wa kupimia ardhi,
viungo mia, kila cha kumi kina kipande cha shaba.
Kijiweni wanamwita Lodi. Walimpa jina hilo
kwa sababu haazimishi mtu bisibisi.
Hata wao hawajui walichosema.

Jioni nilimpelekea pasi mbovu isiyo mbovu.
Nikamsomea barua, nikitafsiri kwa shida.
Aliendelea kuchomelea waya.
"Mlima wenyewe una nini?"
"Mvua. Na kondoo."
"Na hilo daftari lako,
siku ile aliulizwa nani? Maiti?
Mama alikuwa getini, mimba ya miezi sita,
cheti cha shehe amekifunga kwenye pindo la kanga.
Askari akamwambia saa za kuona wagonjwa zimekwisha."

Hakusema cheti kiko wapi. Sikuuliza.
Aliniambia pasi ni nzima, akanitoza elfu mbili.

Uwanjani watoto walikuwa wanacheza chandimu,
mjukuu wake Mwanakombo kasimama golini, peku,
glovu za fundi uashi zikimpwaya.
"Lodi!" wakapiga kelele. "Lodi, toka, toka!"
Akatoka, akaudaka, akaulalia.
Hakuna wakili aliyekaa kikao.
Hakuna aliyeuliza kama ni wa kike.

Nimeandika jibu mara tatu.
Kwa mujibu wa daftari, hakuacha mtoto.
Mara ya tatu nikapigia mstari neno daftari,
nikaufuta, nikaupiga tena.

Wiki ya tatu hii. Muhuri upo, wino upo.
Bahasha bado iko mezani.
Haienei kwenye trei.